Jina Nililoazima Kitabuni

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Naapa kwa mvua iliyotunyeshea, naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na kama hayo hayatoshi naapa kwa Kasilda, mke wangu, ambaye hajawahi kusema uongo na kwa sababu hiyo hana marafiki wengi. Atakayenikamata na neno moja lisilo la kweli, nitamwandalia yeye na wenzake mtungi wa impeke, pombe ya mtama, nitaubeba mwenyewe, na mimi sitashika muheha. Muheha ni ule mrija wa kunywea. Kwetu, kukaa penye mtungi bila muheha kunauma kuliko fimbo.

Naitwa Nazario. Ni mlinzi mstaafu. Nimelinda ghala la unga katika kambi ya wakimbizi, upande wa Ngara kule Tanzania, kisha nikalinda kituo cha kuoshea kahawa hapa Ryansoro, Burundi, na katika miaka yote hiyo hakikuibwa kitu isipokuwa usiku ule walipokuja fisi na baiskeli, na hata hao niliwatambua kwa sura. Shule sikuiona. Kusoma nilijifundisha kwenye magunia ya msaada, na magunia yaliponiishia nikapata kitabu.

Hakikuwa na jalada. Lilikwenda na panya. Kurasa za mwisho zilikwenda na wavuta tumbaku. Katikati alibaki Dastani, kachero, aliyetumwa kuvuka mto wakati wa vita vya kumtoa Mreno Msumbiji, huku pande zote mbili zikimtafuta. Vita vilikuwa vya kweli. Mto ulikuwa wa kweli, hata miji. Aliyetungwa ni Dastani peke yake, na sisi tulimwamini yeye kuliko redio.

Nilikuwa nawasomea watu pale ghalani, wameketi juu ya magunia. Kuna jioni tulisikia milio ya bunduki ng'ambo ya mpaka, kwetu, na mzee mmoja akaniambia, "Paza sauti, hao wanatuzibia masikio." Wanawake walitaka kujua Dastani amekula nini. Na kwa kuwa mwisho wa kitabu ulishavutwa, kila nilipofika pale niliwapa mwisho mwingine.

"Juzi alikufa mtoni," Kasilda alisema. Wakati huo alikuwa bado msikilizaji tu, hajawa mke wangu.

"Juzi alijifanya amekufa."

"Na yule mwanamke wa hotelini?"

"Naye alijifanya."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikulibadilisha, kanuni ya Dastani. Ilikuwa ukurasa wa katikati, wenye doa la mafuta ya mgao: *Anayekuuliza jina yeye ameketi na wewe umesimama, usimpe lako.* Kanuni hiyo nilikuwa nayo mwilini kabla sijaisoma. Mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalipoanza kwetu Burundi, baba yangu, Baltazari, aliitwa, akasimama mbele ya mtu aliyeketi, akaulizwa jina, akalitaja lote kwa adabu. Hatukumwona tena. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mama akanishika mkono tukaelekea mashariki, na yeye hakufika mbali.

Sasa amani ikaja. Ikatangazwa kwamba kambi inafungwa, watu warudi. Tulipakiwa kwenye malori pamoja na kuku, milango na mabati yetu, tukavuka mpaka wa Kobero mchana wa jua kali, katikati ya wabeba mizigo na wabadilisha fedha waliokuwa wanatushangaa kama tumefufuka. Upande wa Burundi kulikuwa na meza. Nyuma ya meza kijana ameketi. Mimi nimesimama.

"Jina lako, mzee?"

Alikuwa kijana mpole, ana kikombe cha chai. Mimi sikuiona chai. Niliona meza.

"Dastani," nikasema.

"Dastani nani?"

"Nzokira."

Kwa Kirundi maana yake ni nitapona. Lilinitoka kama chafya. Kasilda alinigeukia polepole, lakini mwanamke mwenye heshima hawezi kumkana mumewe mbele ya afisa. Tulipotoka pale alisema tu, "Na mimi nimeolewa na nani, Baba Jeska?" Jeska ni binti yetu, aliyebaki Tanzania kwa mumewe.

Mjini Muyinga tukapata chumba nyuma ya duka la Bahizire, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na vitenge. Naye alikuwa mkimbizi, lakini mkimbizi mwenye mizani. Nilipomsimulia ya Kobero aliweka kopo lake chini.

"Mzee, we ulitoa jina ya mu kitabu?"

"Ni mbinu."

"Sasa ile kitabu njo itakupatia shamba?"

Nikamwambia angekisoma angeelewa. Akakataa hata kukishika.

"Mi sisomaka ile. Mambo ya kuvuka mupaka na jina ya uongo, mi nilifanyaka. Haiko tamu."

Chakula cha mgao kikapungua, kikaisha. Kasilda akaanza kukohoa kikohozi cha chini, kile kinachomkunja mtu kiunoni. Alikuwa na neno moja tu, analirudia asubuhi na jioni: anataka kulala mahali ambapo hakuna atakayekuja kumwambia ondoka. Amezaliwa kambini, amezalia kambini. Mvua za mwaka zilikuwa zinakaribia, na kilichobaki duniani kwa ajili yetu kilikuwa shamba la baba yangu huku Ryansoro, mkoa wa Gitega. Tukapanda gari la mizigo ya ndizi, tukaja.

Shamba nililikuta. Kilima kile kile, mteremko ule ule, migomba hadi kijitoni. Kulikuwa na nyumba ya bati, kahawa iliyopogolewa vizuri, uzio mpya wa miyenzi, ile mimea ya maziwa tunayopanda mipakani, na mtu anaitwa Kasiano aliyeishi hapo tangu ujana wake. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lilinivuruga zaidi, maana Dastani hakunifundisha cha kufanya na adui anayekukaribisha viazi.

"Shamba hili lilikuwa la Baltazari, najua," Kasiano alisema. "Aliyenipa mimi amekufa. Watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Baltazari alikuwa na mtoto, Nazario, na wanasema alikufa njiani. Wewe ni nani?"

"Ni mimi Nazario."

"Karatasi yako inasemaje?"

Karatasi yangu ilisema Dastani Nzokira.

Msomaji wa mbali ajue jambo moja. Kwetu jina la baba haliendi kwa mtoto. Kila mtu hupewa jina lake peke yake, kwa hiyo hakuna kitu katika jina lako kinachosema wewe ni wa nani. Kinachosema ni watu. Na watu wangu walikuwa chini ya udongo, au Tanzania, au pasipojulikana. Kirundi changu chenyewe kilikuwa na kutu ya Kiswahili. Watoto wa kilimani waliniita Mtanzania. Nilikuwa mtu aliyerudi nyumbani bila shahidi hata mmoja, na jina nililoliazima kwa kachero.

Bashingantahe wakakutana, wale wazee waamuzi wa kilima. Mkubwa wao alikuwa mzee Elikana, mwenye fimbo ya mwanzi wa kale. Akisema neno la mwisho hugonga ardhi kwa fimbo hiyo, na shauri likishagongwa limekwisha.

"Dada yake Baltazari yupo hai," Elikana alisema. "Ursula. Yuko Mushasha, mjini Gitega, kwa masista wanaotunza wazee. Haoni, lakini akili anayo. Akikutambua, tutakutambua. Asipokuja mtu wa kukutambua, Kasiano atabaki, na wewe utarudi Muyinga na amani yako."

Tulilala chini ya turubai kando ya barabara. Kasilda alikohoa hadi nikawa nasikia ukimya wake kuliko kikohozi. Asubuhi nikaenda Gitega, kwa miguu na kwa kuombaomba baiskeli.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wa Kobero. Dastani hamwamini shahidi kabla ya kumpima. Nilifikiri: kama Kasiano ameshamfikia huyu bibi? Kama wamemlisha maneno? Basi nikavaa koti aliloniazima Bahizire tulipoondoka Muyinga, nikachana nywele upande, kana kwamba kipofu atanitambua kwa nywele, nikamkuta shangazi yangu ameketi kwenye mkeka ukumbini kwa masista, mikono juu ya magoti. Mikono ilikuwa ya baba. Ningepaswa kuishika hapo hapo.

"Mama," nikasema, "naitwa Dastani. Natoka parokia ya Muyinga, natembelea wazee. Unamkumbuka mtoto wa kaka yako, Nazario?"

"Yule aliyekufa njiani."

"Nani alisema amekufa?"

"Tulimlilia. Tukafanya kuganduka, tukamaliza matanga, tukanywa. Mtu akishafanyiwa kuganduka harudi."

"Shangazi. Ni mimi."

Akageuza uso, si kwangu, pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Wewe ni nani?"

"Nazario."

"Umesema ni Dastani."

"Nilikuwa nakupima."

"Umenipima," akasema. "Sasa nenda."

Nilipiga magoti. Nilimtajia baba, nilimtajia mama, nilimtajia mbuzi wetu kwa majina. Kila nililotaja alilijibu vivyo hivyo: hata mtu wa kutumwa na Kasiano angeweza kulijua. Hata kupima watu alikuwa ananishinda. Sista akaja akanigusa bega kwamba bibi amechoka.

Siku ya shauri ikafika, mvua nyembamba inanyesha. Kilima kizima kilikuja. Mimi nilikuwa sina tumaini lolote, nimekaa kwenye gogo kama mtu anayesubiri kunyolewa. Ghafla tukaona baiskeli inapanda mteremko, kijana anaisukuma, na nyuma yake, wima kama malkia, shangazi Ursula.

Wakamketisha. Elikana akasema, "Huyu hapa mbele yako anasema ni wa kaka yako. Msikilize."

Nikaanza kusema ukweli, na ukweli ukanikauka mdomoni. Basi nikaachia. Nikamweleza jinsi nilivyovuka mto na panga katikati ya meno, jinsi nilivyowapokonya askari lori zima la sukari, na jinsi fisi walivyonijia ghalani na baiskeli, mmoja akiwa anapiga kengele. Watu wakazomea. Kasiano akashika kichwa. Ursula akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hana meno, machozi yanamtoka.

"Huyu ni wa Baltazari," akasema. "Baltazari alituapia kwamba mamba alimkopesha ngozi. Uongo huu siujui kwingine. Ni wa nyumba yetu. Mleteni nimshike."

Akanishika uso. Elikana akagonga ardhi: shamba ligawanywe nusu kwa nusu, Kasiano juu, mimi chini hadi kijitoni.

Ndivyo nilivyoandika, na ndivyo nilivyosoma Jumapili iliyopita uani kwangu, baada ya misa, mbele ya Kasiano na mkewe Letisia, mbele ya Bahizire aliyekuja na ndagala zake kunisalimu, na majirani wengine. Walicheka vizuri. Nilikuwa nafunga daftari.

"Rudia hapo pa Ursula," Kasilda alisema. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Hapo alipocheka?"

"Hapo alipokuja."

Kasiano aliangalia viatu vyake.

"Ursula hakuja, Baba Jeska," Kasilda alisema. "Umeapa kwa jina langu. Usiniweke kwenye kiapo halafu ukaniwekea na bibi juu ya baiskeli."

"Ni pambo tu, Mama Jeska."

"Pambo huwekwa kwenye kitu. Hapo hapakuwa na kitu. Andika ilivyokuwa."

Bahizire, ambaye uongo kwao huitwa bongo, akakohoa kidogo. "Mzee, ile ya bibi njo bongo, eeh? Na mi nilikuwa nalia."

Basi naandika ilivyokuwa, Kasilda ameketi hapa ubavuni ananisikiliza ninaposoma kila sentensi.

Kiti cha Ursula kilikuwa kitupu, kinanyeshewa. Masista walituma neno kwamba bibi amekataa. Amesema mtu hamziki mpwa wake mara mbili. Elikana akauliza kama yupo mwingine anayenijua. Hakujitokeza mtu. Nikasimama kujieleza, na nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuzama, kwa sababu mzee mmoja aliniuliza jambo nikalijibu kwa namna mbili. Hiyo sehemu ya panga na sukari ni kweli niliisema. Hakuna aliyecheka. Elikana akainua fimbo.

Kasilda akasimama. Alikuwa amejifunga turubai badala ya kitenge, kitenge kilikuwa kimelowa. Mwanamke wa ugenini hasemi mahali pale bila kuitwa, na hakuitwa.

"Wazee wangu," akasema, "mume wangu ni mwongo."

Fimbo ikabaki juu.

"Nimekaa naye tangu tukiwa vijana. Kila hadithi yake ina miisho mingi kuliko mwanzo. Mtu wa kitabuni amekufa mbele yangu mara nyingi na akafufuka. Hata siku tuliyokutana anaisimulia kila mara kivingine. Kuna kitu kimoja tu ambacho hajawahi kukibadilisha. Anakisema akiwa na homa, anakisema amelala. Kijitoni chini ya migomba kuna jiwe pana. Lina vishimo viwili, ni magoti ya mama yake, alikuwa akifulia hapo, na kabla yake bibi mzaa baba. Upande wa kushoto lina ufa unaoingia vidole. Mama yake alificha kipande cha sabuni humo, wakwe wasikione. Mimi sijafika huko kijitoni. Hata yeye tangu turudi hajafika, Kasiano ni shahidi, hatujavuka uzio. Nendeni mkaangalie. Kama ufa haupo, gongeni."

Akakaa, kikohozi kikamkunja.

Wazee hawakwenda kuangalia. Letisia, mke wa Kasiano, alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaongea na huyo mtoto:

"Ufa upo."

Kasiano akamgeukia.

"Upo," Letisia akarudia. "Mimi pia naweka sabuni humo. Nilidhani ni mimi niliyeuvumbua."

Kasiano alimtazama mkewe kama mtu anayemwona ng'ombe wake akifungua zizi mwenyewe. Kisha akamtazama Kasilda aliyekuwa anakohoa ndani ya turubai. Akasema, "Wagawie, mzee. Chini wachukue wao. Lakini mke wangu aendelee kufulia." Na Elikana akagonga.

Na Ursula? Hakunitambua. Nilimfuata Mushasha tena, na tena, bila koti la mtu, kwa jina langu. Kila mara aliuliza, "Ni yule Dastani?" na kugeuza uso. Alikufa kabla ya Pasaka. Kwenye maziko mtu wa parokia aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Yeye alikuwa ameketi, mimi nimesimama. Nikasema Dastani, kwa kuwa huyo ndiye ambaye marehemu alimfahamu.

Nilipomaliza kuwasomea hii watu wale wale, Kasilda alisema, "Sasa nenda kalete."

Mtungi nikauleta mwenyewe kutoka kwa jirani anayepika, kichwani, nikapanda nao mteremko wote huku Kasiano akinipigia makofi kama bibi harusi. Nikauweka katikati. Wakachomeka miheha yao. Mimi nikakaa kwenye kinu, mikono mitupu.

"Muheha wake nipeni mimi," Kasiano alisema, "ninywe kwa midomo miwili."

"Kunywa, ndugu yangu. Umeupata kwa haki."

Bahizire akafuta mdomo. "Na ile fisi ya baiskeli? Nayo njo bongo? Maana ile peke yake inapata mutungi ya pili."

Wote wakamgeukia Kasilda. Yeye alivuta pombe yake taratibu, macho yapo ndani ya mtungi.

"Fisi walikuja," akasema. "Mmoja alikuwa na kengele."

Asiye na muheha hana neno. Niliona pombe imeshuka, nikainuka, nikaenda kutafuta mtungi wa pili.